Kishikio cha Upande Mmoja

Hebu nikutegee, na usikimbilie kujibu. Njia ni moja, haina kona wala mto wa kuvuka. Mmoja anaweza kwenda lakini hawezi kurudi. Mwenzake anaweza kurudi lakini hawezi kwenda. Wote wawili wana akili zao timamu, na hakuna aliyewakataza. Ni njia gani hiyo?

Fikiri taratibu. Ukishindwa sikudai mji kama wategaji wengine. Mji ninao tayari, tena mji wa kujivunia, na ndio ninaotaka kukusimulia.

Njia yenyewe inapita mlangoni kwangu. Inatoka huku juu kwenye nyumba zetu, inateremka polepole, inapita kibanda cha fundi baiskeli, inapita kisimani, mpaka zahanati. Si ndefu. Mwenye miguu yake miwili anakwenda kuchukua dawa, anapiga soga, anarudi na chai yake bado ya moto. Lakini mwaka ule tulipata watu ambao mguu mmoja uligoma kutii. Kiharusi. Kiliingia kijijini kama mgeni asiyepiga hodi, kikamkuta huyu shambani, yule kitandani. Mzee wangu kilimkuta kazini, mwiko wa kupigia lipu mkononi.

Mzee wangu ni fundi mwashi. Kuta nyingi unazoziegemea hapa kwetu zimepita mikononi mwake. Na sauti aliyokuwa nayo! Alikuwa anamwita kibarua aliye upande wa pili wa kijiji bila simu, na kibarua anakuja mbio, na mbwa wake nyuma. Basi kiharusi kilimchukua upande wa kulia: mkono, mguu, na mdomo kidogo. Maneno hayakupotea, ila yalianza kuja moja moja, kama watu wanaotoka kwenye mlango mwembamba. Akaona haya. Akachagua kiti cha dirishani, akakaa, akasema hatoki.

Nesi wa zahanati yetu, binti mwembamba ambaye ukimwona utadhani upepo utamchukua, ndiye aliyenifuata jikoni akanieleza bila kuzunguka.

"Bibi, ule mguu bado unaweza kuamka. Ila asipotembea sasa utakakamaa. Ukishakakamaa, pale dirishani ndipo atakapokaa siku zote."

Nilikuwa nachambua maharage. Nikaendelea kuchambua, nikijifanya naona mawe. Hayakuwepo mawe.

Ndipo kikundi chetu kilipoanzia. Hatukuwa na jina wala fulana za kufanana. Tulikuwa mimi, na Mama Pindo, mshona nguo, aliyepewa jina hilo kwa sababu akikutana nawe anasalimia pindo la gauni lako kwanza, uso wako baadaye, na shemeji yangu Breki, fundi baiskeli, mdogo wake mzee wangu. Wengine waliongezeka kidogo kidogo. Nesi alituita watu wa kujitolea. Breki akauliza, "Kujitolea ndio kufanyaje?" Nesi akamwambia ni kufanya kazi bila malipo. Breki akasema, "Kumbe mimi nimejitolea tangu nioe."

Nesi alitupangia zamu za kwenda nyumba za wagonjwa kuwanyoosha viungo na kuwatembeza. Lakini alikuwa na masharti yake, na la kwanza lilitushangaza: hakuna mtu kumhudumia wa nyumbani kwake.

"Wa nyumbani utamwonea huruma, au utamgombeza," alisema. "Mguu hauhitaji hata kimoja."

Sharti la pili: ukitembea na mgonjwa, mikono yako iwe nyuma. Akiyumba sana ndipo umdake. Kama hajayumba sana, mwache ahangaike, mwili unajifunza.

Kwa hiyo tukabadilishana. Mama Pindo akapewa mzee wangu. Mimi nikapewa mama yake Mama Pindo, ajuza anayeitwa Bibi Kengele, ambaye kiharusi kilimshika upande wa kushoto na kikasahau kumshika ulimi. Siku ya kwanza tu nilipoweka mikono nyuma alinitazama juu mpaka chini.

"Mke wa fundi, mbona unatembea kama mtu aliyekamatwa? Umeiba nini?"

Kabla ya kuanza mazoezi, Nesi alipita kila nyumba na swali moja. Hakuuliza panapouma. Alikaa karibu na mgonjwa, akamtazama, akamuuliza, "Unataka uweze tena kufanya nini?" Alitaka jibu, kwa sababu alisema mtu anayenyanyua mguu bila kujua anakokwenda huchoka upesi.

Bibi Kengele hakungoja swali liishe. "Nataka kwenda chooni bila kutangaza! Nyumba nzima inajua haja zangu, mpaka jogoo!"

Nesi akaja kwetu. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mzee wangu pale dirishani. "Babu, unataka uweze tena kufanya nini?"

Mzee wangu akageuza uso akatazama ukuta. Nami kungoja huwa kunaniwasha.

"Anataka kurudi kujenga," nikasema.

"Bibi, nimemuuliza babu."

Mzee wangu akanitupia jicho. Mdomo ukahangaika, kisha likatoka: "Si... hilo."

"Basi ni lipi, Babu?"

Akarudi kwenye ukuta wake. Nesi hakumsukuma. Alisimama, akapangusa gauni, akasema, "Sina haraka. Jibu likiwa tayari, mimi nipo."

Niliumia, sikufichi. Nimeishi na mwanaume huyu tangu meno yangu yote yakiwa mdomoni, na nilidhani naweza kumjibia hata akiwa usingizini. Kumbe lipo jambo moja alilolitaka kuliko mengine yote, nami silijui. Tulianza kulibahatisha pale kibandani kwa Breki.

"Kaka anataka nimrudishie koleo lake," Breki akasema.

"Anataka mkewe aache kumjibia," akasema Mama Pindo, sindano mdomoni.

Nikamwambia afunge mdomo asije akaimeza.

Mama Pindo alikuwa akija kwangu kila zamu yake, mimi natolewa nje kama kuku. Nilisikiliza nikiwa uani. Alimsemesha mzee wangu kana kwamba ana nguo mezani: "Haya Babu, hapa pamekunjamana, tunapanyoosha. Polepole. Hapa tunatarizi." Naye alikuwa akimkubalia. Mkono ulianza kupanda mpaka begani. Mguu ukamtoa kitini, ukamfikisha kitandani, ukamfikisha kwenye fremu ya mlango. Hapo kwenye fremu ndipo safari ilipoishia. Mama Pindo akimwambia watoke nje, anatikisa kichwa na kusema neno moja tu.

"Watu."

Hivyo tu. Watu. Hakutaka watu waliomjua akiwa juu ya ngazi wamwone akiongozwa kama mtoto anayeanza kutembea.

Sasa, ni Breki aliyekuja na wazo la kishikio. Alisema kama tatizo ni kuongozwa, tuondoe wa kuongoza. Tupige nguzo kando ya njia kutoka huku juu mpaka zahanati, tupitishe fito za kushikia, mgonjwa ajishikilie mwenyewe. Nesi alipenda mpaka akapiga makofi. Kijiji kizima kikaingia kazini. Waliokuwa na miti walitoa miti, wasio na miti walichimba mashimo, waliochoka kuchimba walitoa maoni. Kila mtu anajua jinsi ya kuchimba shimo ambalo mwenzake ndiye anayelichimba.

Tulifanya kazi ile kwa makini, usije ukatudharau. Mama Pindo alileta utepe wake wa kupimia, akampima mama yake kutoka nyonga mpaka ardhini ili kishikio kisiwe juu wala chini. Fito zilipopigiliwa, alipitisha kitambaa cha hariri juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kitambaa kilipokwama, hapo pana kibanzi, na Breki analeta msasa. Mbele ya mlango wangu tukaacha pengo la watu kupita na baiskeli zao. Kazi ilipokwisha, fito zile zilikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga, na sisi tulikuwa tumevimba kwa fahari. Tulipita tukizipapasa, hata tusio na ugonjwa wowote.

Siku ya kufungua, Bibi Kengele ndiye aliyetangulia. Alivaa gauni ambalo binti yake alimshonea, akakamata kishikio kwa mkono wa kulia, akaanza kushuka. Mimi pembeni, mikono nyuma. Kwenye pengo la mlango wangu alisimama akapumua, akalitazama vizuri, akavuka kwa hatua zake mwenyewe akishikilia hewa. Dirishani niliona pazia likisogea. Sikugeuka.

Akafika! Vigelegele vilivyopigwa pale zahanati, wagonjwa waliolala waliamka. Nesi akampima presha, akasema ni nzuri. Bibi Kengele akanywa maji, akapokea hongera zake kama bibi harusi, halafu akasema, "Haya, turudi. Nimeacha sufuria jikoni."

Akasimama. Akageuka kuelekea nyumbani. Kisha akasimama tuli.

Kishikio kilikuwa upande wake wa kushoto.

Sijui kama umeshaelewa. Sisi tulichukua muda. Tulikuwa tumejenga upande mmoja tu wa njia, wa kulia ukishuka. Kila mmoja wetu alikuwa amepita pale akienda na kurudi, akibadilisha mkono bila kufikiri, kwa sababu sisi mikono yetu yote miwili inafanya kazi. Tulipima kimo, tukapima vibanzi, na kati ya watu wote wale hakuna aliyekumbuka kwamba anayekwenda hurudi. Bibi Kengele mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia kama soksi kwenye kamba. Angeweza kwenda, asingeweza kurudi. Na mzee wangu, ambaye mkono wake mzima ni wa kushoto, angeweza kurudi tu, kama tungepata namna ya kumfikisha huko kwanza.

Hiyo ndiyo njia niliyokutegea. Ni yetu. Tuliijenga wenyewe, kwa jasho na kwa hariri.

Breki alikuwa amejishika kichwa. "Bibi, nilete baiskeli? Nitakupakia nyuma, polepole."

"Mama, nikubebe mgongoni," akasema Mama Pindo.

"Mnibebe mimi gunia?" Bibi Kengele akang'aka. "Nimekuja kwa miguu yangu, nitarudi kwa miguu yangu." Akakitazama kile kishikio. Akatutazama sisi. Kisha akaanza kugeuka, kidogo kidogo, mpaka akaipa nyumba yake mgongo. "Nikitazama huku kiko kulia, sivyo? Basi mimi nitatazama huku."

Na akaanza kupanda kinyumenyume.

Mjukuu wangu, nimeona mengi, lakini sijaona kama lile. Ajuza wa watu, gauni jipya, anarudi nyumbani kinyumenyume na kichwa juu kama anakagua gwaride. Kwa kuwa aliwaona watu baada ya kuwapita, ikawa kila mtu anaagwa kabla ya kusalimiwa. "Kwaheri, baba watoto! Kumbe ulikuwepo? Hujambo?" Watu walicheka, na yeye alicheka, lakini hakuna aliyemcheka. Hiyo tofauti ukiwa pale unaisikia. Nyuma yetu kijiji kizima kilikuwa kinafuata, wote wametulia, na nilipotupa jicho niliona wamefunga mikono nyuma bila kuambiwa. Hata Breki.

Mimi nilikuwa nikimwambia njia ilivyo. "Jiwe dogo. Sawa. Sasa pako sawa." Tukapita kisima. Tukapita kibanda. Alikuwa amechoka, jasho linamtiririka, na mguu wa kushoto umeanza kuburuzika. Ndipo tukafika mlangoni kwangu.

Pale kwenye pengo.

Mkono wake uliteleza kwenye fito, ukafika mwisho, ukakuta hewa. Wakati wa kushuka alikuwa na nguvu na aliliona pengo kwa macho yake. Sasa liko nyuma yake, na nguvu zimekwisha. Mkono ukabaki juu, unatafuta. Nikatoa yangu haraka.

"Usinishike!" akasema. Sauti ilikuwa ndogo, si yake ile ya kila siku. "Nimefika mpaka hapa. Usiniharibie."

Niliiona miguu yake ikitetemeka. Sharti la Nesi linasema akiyumba sana, mdake. Sasa kuyumba sana ni kupi? Nilisimama pale na mikono yangu nusu mbele nusu nyuma, watu wote hawapumui.

Nikasikia mlango wangu unalia bawaba.

Mzee wangu alikuwa kwenye fremu. Bega lake la kulia, lile bovu, alikuwa ameliegemeza kwenye mbao. Akautazama umati ule, watu, wale watu wake, wote wako pale mpaka wachuuzi. Niliona mdomo wake unakaza. Nikajua atarudi ndani.

Akaiacha fremu. Akatoka hatua moja, mguu wa kulia ukichora mstari mavumbini, kisha hatua nyingine. Akasimama katikati ya pengo lile, wazi, hana cha kushika, akanyoosha mkono wake wa kushoto. Ule unaofanya kazi. Ukaukuta wa Bibi Kengele uliokuwa unatafuta.

Bibi Kengele hakuona ni nani. Aliushika, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Mkono huu una sugu za mwiko," akasema. "Fundi?"

"Mm."

"Una baridi. Ulikuwa umeuweka wapi siku zote hizi?"

Mzee wangu akafikiri. "Dirishani."

Alicheka yeye kwanza. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa kile kile cha juu ya ngazi, kikasikika mpaka kisimani. Ndipo watu wakaachia pumzi zao. Bibi Kengele akarudi hatua, na hatua nyingine, wameshikana, mpaka mgongo wake ukafika mwisho wa pengo na mkono wake ukapata fito ya upande wa pili. Akamwachia. "Kwaheri fundi," akasema, "na shikamoo yangu naisubiri, maana mimi mkubwa wako." Mzee wangu akamwamkia. Lilitoka neno zima, bila kukatika.

Mimi nililia, na nilisema ni vumbi.

Upande wa pili wa njia tuliujenga mara hiyo hiyo, hakuna aliyengoja kuitwa. Safari hii Nesi alimtaka kila mmoja wetu afungwe mkono mmoja kwa kitambaa cha Mama Pindo, apite akienda na kurudi, ndipo aruhusiwe kupiga msumari. Ungemwona Breki na mkono wake umefungwa, akijaribu kujikuna mgongo! Mzee wangu alikaa nje kwenye kigoda, ameshikilia ncha ya kamba ya kunyooshea nguzo. Alipoona nguzo imepinda alivuta kamba mara moja, na Breki akairekebisha. Leo ukija utazikuta fito pande zote mbili, na kwenye mapengo tumeweka milango midogo inayojirudisha yenyewe. Watu wa vijiji vingine walikuja kuiga. Tuliwaambia wazi wasianze na upande mmoja.

Basi ikafika siku mzee wangu alishuka kwenda zahanati. Mama Pindo pembeni yake, mikono nyuma, kwa sababu zamu ni yake. Mimi nilikatazwa kusogea, kwa hiyo nilikwenda kisimani kuchota maji nisiyoyahitaji, kisha nikapitia zahanati kuona kama mtungi wao una maji. Ulikuwa umejaa. Nikakaa.

Alikuwa kwenye benchi, pumzi zinashuka. Bibi Kengele upande mmoja, anasubiri kupimwa. Breki amesimama mlangoni akijidai ana mnyororo wa baiskeli ya Nesi wa kutazama. Nesi alimpima mzee wangu presha, akampima mkono, akamwambia akunje vidole. Viwili vikakunjika. Akaandika, akaweka kalamu chini, akatabasamu. Hakuuliza kitu.

Mzee wangu ndiye aliyeanza.

"Lile... swali."

Nesi akavuta kiti karibu. "Nipo, Babu."

Mdomo wa mzee wangu ukaanza kuhangaika. Neno likaja mpaka mlangoni, likarudi. Mama Pindo akanitazama. Breki akanitazama. Nilikuwa nalo jibu kwenye ncha ya ulimi, nilikuwa nayo majibu matatu, nikayauma yote. Tulingoja. Nje mtu alipita na mbuzi wake, mbuzi akalia, tukaendelea kungoja.

"Kuendewa," akasema. "Nimechoka... kuendewa."

"Unataka tusije tena, Babu?"

Akatikisa kichwa. Akaunyanyua mkono wake wa kushoto, akamwelekezea Bibi Kengele.

"Zamu," akasema. "Nipangie... na mimi... zamu. Nianzie kwake."